Nilipoisachi Ngoma ya Wafungwa

Jamani, leo jelani aliyesachiwa ni mimi, askari!

Mnanijua. Hapa jela ya Mbale mfungwa akicheka tu, mimi namshuku.

Asubuhi nilikuwa nalinda ibada yao. Wanaruka, wanapiga makofi, mmoja analia huku anacheka.
Watu wa ugali wa posho na maharage kila siku! Furaha hiyo wanaitoa wapi?

Nikasema hii ni bangi. Na imefichwa kwenye ngoma, maana mpigaji wao, Wafula, anaikumbatia kama mtoto mchanga.

"Lete hapa."
"Afande, tuko katikati ya sifa."
"Nimesema lete!"

Wafula akaileta, wimbo ukakatika.
Nikaitikisa ngoma. Hakuna kitu. Nikaigonga kwa nguvu, nisikie kama ndani kuna mzigo.

Kumbe kwao anayegonga ngoma ndiye anayeanzisha wimbo!

Wakalipuka. Nikapiga kelele, "Acheni!" Nani anasikia?
Wafula akaniinamia sikioni. "Usiache, Afande. Ukiacha, wimbo utaanguka."

Basi nikapiga.
Bwana, nilipiga mpaka kofia ikadondoka, na meno yangu yote yako nje.

Kugeuka, mkuu wetu yuko mlangoni. Ananitazama kwa lile jicho langu mwenyewe la kushuku.

"Wewe, umevuta nini?"

Akanisachi pale pale, mpaka ndani ya viatu. Hakupata kitu.
Na mimi kwenye ngoma sikupata kitu.

Sasa nyinyi mnaokwenda kanisani, semeni ukweli: hiki kitu mnakificha wapi?