Dakika Kumi Kwenye Uzio wa Wanjiru

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2017, nikiwa tayari mama mtu mzima, Msimamizi wa Vipimo alinipeleka kwenye uzio wa kiwanja cha mbio za magari nje ya Fort Worth, Texas. Akasimamisha mashine juu ya miguu yake mitatu, akaniambia ninyamaze dakika kumi. Mimi! Mtu ambaye Tanga walinijua kwa mdomo! Gari la kwanza lilipopita kifua kizima kilitetemeka, nikapiga ukelele, "Mama yangu wee!"

"Umeharibu," akasema bila hasira. "Sauti ya mpimaji ikiingia, hata kikohozi, kipimo chote kinatupwa."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kupima kelele. Tulihesabu kwa desibeli, yaani kipimo cha ukali wa sauti, na mashine ilihifadhi kila ilichosikia. Magari yale, wallahi, sikuyazoea hata siku moja. Kila yakipita nilibaki mdomo wazi, ila bila sauti.

Baadaye nikahamishiwa Houston. Kulikuwa na kiwanja nje ya mji, kilichojengwa pale pakiwa bado malisho ya ng'ombe. Nyumba mpya zilikuwa zimekisogelea, na wenye nyumba wameshtaki kwamba ni kero, kifungwe. Wakili wa kiwanja, mzee wa Texas mwenye sauti ya upole, alinieleza hivi: "Tunaomba kinga ya sheria, tusifungwe. Sisi tulikuwa hapa kwanza, wao wametukuta. Lakini kinga ni ya anayefuata masharti. Tukizidisha kelele, hatuna kitu. Niletee kipimo safi kutoka uzio wa yule nesi."

Nesi mwenyewe ndiye Wanjiru, Mkenya, mshtaki wa kwanza. Alifanya kazi usiku hospitalini na kulala mchana, na siku za mbio hakupata hata lepe la usingizi.

"Nyumba niliiona Jumapili nikitoka kanisani," aliniambia. "Kulikuwa kimya, Mama. Sikuuliza kuna nini nyuma ya ile miti."

Nilimwonea huruma, lakini nilikuwa upande wa pili. Hata hivyo kila nilipokwenda aliniletea chai. "Wewe umetumwa tu," alisema.

Ikafika siku ya mbio za mwisho kabla kesi haijasikilizwa, na kipimo safi nilikuwa bado sijakipata, mara upepo, mara mbwa wa jirani. Wanjiru alikuwa ametoka shifti, mafua yamemkaba. Nami na mdomo wangu huu nikamweleza kila kitu: asitoe sauti, maana akikohoa kipimo kimekwisha, na hatukuwa na siku nyingine. Nilipomaliza nikajilaumu. Loo, nilikuwa nimempa njia ya kutushinda!

Dakika ya sita kikohozi kikamjia. Akauma mkono wa sweta yake. Mabega yakawa yanatikisika, machozi yanamtoka, na magari nyuma ya miti yananguruma, naye hakutoa hata mguno. Dakika kumi zilipotimia nikazima mashine. Hapo ndipo akakohoa mpaka akakaa chini kwenye majani.

Nikatazama namba. Ilikuwa chini ya kikomo, yaani kiwanja hakikuzidisha kelele. Kabla sijamwambia, akaisoma usoni mwangu.

"Mbona hukukohoa?" nikamuuliza.

"Nilitaka kushinda, Mama. Lakini si kwa kikohozi."

Kiwanja kikapata kinga yake. Wakili alinipongeza, na nilipomsimulia habari za Wanjiru akavua kofia.

Nilistaafu mwaka 2020, viwanja vilipofungwa kwa korona. Vijana huniuliza ni lipi kubwa nililoliona, wakidhani nitataja magari. Nawaambia ni binti yule na sweta yake.

Mbio zilipoanza tena nilimpelekea ufunguo wa nyumba yangu ya Missouri City, pembeni mwa Houston, ambako kelele za magari hazifiki. Siku za mbio akitoka kazini huja moja kwa moja kulala chumba cha nyuma. Mimi nazima simu, nakaa jikoni, na mpaka atakapoamka mwenyewe, mdomo huu hautoi hata kikohozi.