Ukurasa wa Waliovuka Ruzizi

Zamani nilichora ramani za tovuti kwa kalamu, visanduku na mishale, na mteja akibadilisha wazo moja nilianza karatasi upya. Kisha rafiki aliyesoma Bujumbura akanionyesha programu ya kuchora michoro. Ukiandika majina ya kurasa, moja chini ya jingine, programu yenyewe inayageuza kuwa visanduku na kuviunganisha kwa mistari. Ukikisogeza kimoja, vilivyo chini yake vinakifuata. Nilishinda nayo siku nzima kama mtu aliyetegewa kitendawili.

Kazi ya kwanza niliyoifanya nayo ilikuwa ya chama cha akina mama washonaji wa mtaa wa Nyamianda, karibu na mpaka wa Burundi. Nilifika kwenye atelye yao ya kushonea na kompyuta yangu, kurenti ya umeme ikiwa imekatika, batri ikiniharakisha. Waliacha cherehani zao wakasimama nyuma yangu. Nikawauliza wanataka kurasa gani, na kila jibu likawa kisanduku kabla msemaji hajamaliza: nguo za harusi, sare za shule, mafunzo, mawasiliano. Ramani ilisimama haraka kuliko nilivyotarajia, nikaona fahari kidogo.

Prezida wa chama chao, mama mwenye sindano zilizochomekwa kifuani, alifuata mistari yake kwa kidole. Halafu akaniomba niongeze ukurasa wa wenzao waliovuka mto Ruzizi kukimbilia Burundi wakati wa vita, ijulikane nani amerudi na nani bado anatafutwa. Nikauweka chini kabisa, ndani ya mawasiliano, mahali nilipozoea kuweka mambo madogomadogo.

"Mwanangu, muntu akiwa kambini, telefone yake imepasuka kioo, atafikia wapi kwanza?" akauliza.

"Juu hapa, mama. Kwenye ukurasa wa kwanza."

"Basi ile uipandishe huku juu. Manguo itangoja."

Nikakivuta kisanduku juu. Mistari ikajipanga upya, nguo za harusi zikasogea pembeni. Sasa nilitaka kujua zaidi: hao wenzao ni akina nani, walivukia wapi, walikuwa wakishona nini. Wakaanza kunieleza, mmoja akimsahihisha mwingine, nami nikaandika mpaka batri ikazimika.

Tovuti ilipofunguliwa, ujumbe wa kwanza ulitoka ng'ambo ya mto. Ni mshonaji ambaye hakuna aliyekuwa na habari zake, akiuliza kama cherehani aliyoiacha kwenye atelye ingalipo. Prezida alinipigia simu anisomee, lakini hakumaliza. Nilimsikia akiwageukia wenzake.

"Iko," alisema. "Mumuandikie kwamba iko."