Kitufe cha "Nakili" kilivyonichongea kwa mama mkwe mtarajiwa

Wakuu, mwidiwe! Ndiyo salamu ya huku kwetu Kigoma.

Haya yamenikuta mwenyewe, na aibu bado ya moto, sina hata nguvu ya kuongeza chumvi.

Nipo Katubuka, natengeneza website. Mama wa mchumba wangu Rehema anauza dagaa pale Katonga, na kwake mimi ni "kijana wa kuchezea simu" tu.

Nikaona nimtengenezee website ya oda, anikubali kabla sijapeleka posa.

Mteja anachagua dagaa, oda inajiandika, anabonyeza "Nakili", kisha anaipesti WhatsApp kwa mama.

Kwenye laptop yangu ilikubali vizuri. Nikairusha hewani, nikajipongeza kwa migebuka miwili ya kukaanga, samaki wetu wa ziwani. Siku hiyo nilikula kama mkwe kamili.

Kesho yake mama kanipigia. "We Hamisi, hawa wateja wako wana nini?"

Mmoja wa Ujiji kamtumia dua ya safari. Mzee mmoja wa Buzebazeba, mtu wa heshima zake, kamwandikia: "Mpenzi leo usipige, mke wangu yupo."

Na huyo mke ni rafiki yake mama!

Oda ya dagaa, hakuna hata moja.

Nikakimbilia Katonga. "Shikamoo mama. Wateja hawajui kubonyeza tu, ngoja nikuonyeshe."

Nikabonyeza kwenye simu yangu. Kitufe kikaandika "Imenakiliwa". Nikapesti, nikamtumia palepale bila kusoma.

Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya wauzaji wenzake:

"Mama Rehema mkali kuliko pilipili, ila kwa ajili ya binti yake nitavumilia."

Wakuu, huo ulikuwa umbea wa kumtumia rafiki yangu, niliukopi asubuhi. Nilitamani ziwa linimeze.

Kumbe website haikuwa na https, ule ulinzi wa mwanzo wa anwani, na bila hiyo browser inagoma kunakili, isipokuwa ukiijaribia kwenye laptop yako mwenyewe kabla ya kuirusha. Halafu kwenye code nilikiambia kitufe kiseme "Imenakiliwa" kikibonyezwa tu, kiwe kimenakili au hakijanakili. Kila mtu akapesti alichokopi mara ya mwisho.

Nimesharekebisha, na oda zinaingia. Juzi nikaenda kwa mama kichwa chini. "Mama, sasa kinanakili kweli."

"Ule ujumbe wako niliushika kichwani bila kitufe," akasema. Wenzake wakaangua kicheko. "Posa lete. Ila barua uandike kwa mkono."

Funzo: kitufe kisijisifu kabla ya kazi. Na ukipesti, soma.

Sasa mwandiko wangu hata mimi unanishinda. Mwenye mwandiko mzuri aliye karibu na Katubuka ajitokeze hapa chini. Wa kunicheka nao karibuni, mimi nimeshazoea.