Swichi Kuu Ndani ya Duka la Mpwa

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku niliyovaa joho la chuo, mwanangu. Usicheke nikikuita hivyo. Sina hata mvi, lakini kwetu Wasukuma mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, na nimekosea vya kutosha kukuonya.

Nilirudi Bariadi na shahada ya uhandisi wa umeme, sina kazi. Mzee Lugalila alikuwa anajenga fremu nane za maduka karibu na stendi. Nilidhani kazi ile ni yangu. Akampa Masanja, fundi kutoka Ngulyati. Niliionea wivu hata ngazi yake. Watu wakimwita "injinia," nageuza njia. Nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu, mahubiri, bei za sokoni, methali za bibi yako. Wivu wangu sikuuhoji. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilivaa joho.

Asubuhi moja Masanja akaniita kwa salamu ya Kisukuma. "Dada msomi, mwangaluka! Njoo unikosoe, usije ukasema tunaunga nyaya kama kamba za ng'ombe."

Swichi kuu, pamoja na swichi za fremu zote nane, alikuwa amezifunga ndani ya fremu ya kwanza, duka la dawa za pamba la mpwa wa mzee. Mzee ndiye aliyeagiza. Kitu cha thamani, alisema, ufunguo wake hushikwa na mtu wa ukoo, kama ghala la mpunga. Nililiona kosa palepale. Jengo la wapangaji wengi, kila mpangaji lazima aweze kukata umeme wake bila kuomba ufunguo wa mtu.

"Safi kabisa," nikamwambia.

Nilitaka wapangaji walalamike, mzee anikumbuke.

Ukaja msimu wa kupulizia pamba. Mpwa akafunga duka, akaenda shambani na ufunguo mfukoni. Mchana huo nilikuwa fremu ya tano kwa Mama Kabula, mshonaji, nimefuata gauni langu. Waya wa pasi yake ulikuwa umechubuka. Alipoishika, umeme ukamng'ang'ania. Soketi ilikuwa nyuma ya meza nzito, haifikiki. Nikakimbilia fremu ya kwanza, nikakuta kufuli. Nililipiga kwa jiwe, halikufunguka.

Masanja, aliyekuwa akifunga taa fremu ya jirani, aling'oa ubao mkavu wa benchi, akaipiga pasi ikamtoka mama wa watu mkononi.

Alipona, ila kiganja cha kulia, cha kushikia mkasi, kiliungua. Tulipokwenda kumwona, Masanja alilia. "Nimekosea, mayu, mama yangu. Dada huyu nilimwonyesha, hata yeye hakuliona kosa."

Alikuwa ananitetea, mwanangu! Mama Kabula akanitazama. "Hukuliona kweli?"

"Niliona, mama."

Akaniinulia kile kiganja. "Masanja amenichoma kwa kutojua. Wewe umenichoma kwa kujua. Yeye atajifunza swichi ikae wapi. Wewe utajifunza nini?"

Kwa idhini ya mzee, Masanja alizihamishia swichi zote ukutani, barazani, panapofikika na kila mtu. Mimi niliandika namba ya fremu kwenye kila swichi, kisha nikamshikia ngazi. Watu walimsifu yeye, na wivu ukarudi. Sikudanganyi, haujaondoka hadi leo. Ila haunifungi tena mdomo.

Jana ulinionyesha mchoro wa mwenzako aliyepewa kazi uliyoitaka kule Lagangabilili. Ukacheka kwamba swichi kuu ameiweka stoo, kwenye mlango wa kufuli. Wapangaji wa jengo lile hawajaingia bado, na kati yao yumo Mama Kabula mwingine. Kwa hiyo nasaha yangu ni fupi: ukiona kosa la unayemwonea wivu, mwambie kabla wivu haujakutafutia sababu ya kunyamaza. Mpigie leo, kuta hazijapigwa lipu.

Mungu akupe jicho la kuona na mdomo usio na kufuli. Na mikono ya watu iwe salama kwa sababu ulipita hapo.