Ganda Ulilosema Umelifuta

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na leo nitakusimulia nikiwa na hasira zangu, kwa hiyo usitarajie sauti ya upole. Kaa hapo. Hiyo simu weka pembeni.

Asubuhi nimekuuliza, "Haya maganda ya risasi umeyafuta ndani?" Ukanijibu, "Nimefuta, babu." Nikatia kijiti kwenye ganda la kwanza, kikatoka na mafuta. La pili, mafuta. La tatu sikutaka hata kuligusa. Uvivu ningekuvumilia, maana na mimi nilikuwa nao. Kilichonichoma ni lile neno "nimefuta", tena linatoka kwako wewe, mjukuu wa Seif. Kwenu hapo Bagamoyo mmekua mkiambiwa mguu wa marehemu babu yenu uliharibiwa na mbogo. Mbogo alikuwepo, ni kweli. Lakini hamkuambiwa ni nani aliyesababisha Seif asimame mbele ya mbogo yule na nyuma yake bunduki isiyolia. Ni mimi. Sasa nisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipata kazi kwenye kampuni ya uwindaji yenye kibali, kambi yake huko mbele ya Saadani, nje ya mpaka wa hifadhi. Stoo ya risasi alikuwa nayo Fundi Athumani, mtu wa Pangani, mzee mfupi, msafi, hana maneno mengi. Ndiye baba yake Seif. Seif alikuwa rika langu, yeye kazi yake kuongoza wawindaji porini kwa kufuata nyayo. Tulikuwa tukila sahani moja.

Kazi yangu ilikuwa hii hii yako. Ganda la shaba likishapigwa hutanuka, halikubali tena kuingia kwenye bunduki mpaka ulisukume ndani ya kalibu ya chuma, lirudi kipimo chake. Ndipo litiwe fataki mpya, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, kisha baruti yenyewe na risasi. Huko kusukuma ndiko kulikokuwa kunanitoa roho. Ganda kavu hung'ang'ania kwenye kalibu. Unauvuta mkono wa mashine ya kusukumia kwa nguvu zako zote, mpaka bega linawaka moto.

Fundi alikuwa na njia yake ya kupunguza taabu, na wala hakuificha. Alichanganya nta ya nyuki na mafuta ya nyonyo, akaweka kwenye kikopo. Unachovya ncha ya kidole, unalipaka ganda ubavuni, kidogo sana, hata macho hayaoni. Mabegani mwa ganda, pale linapoanza kuwa jembamba, hupaki, maana mafuta yakijaa pale ganda linabonyea. Halafu unasukuma taratibu. Ukimaliza, unafuta. Unafuta nje, unafuta na ndani kwa kijiti chenye kitambaa kikavu, ganda moja baada ya jingine. Sasa kazi hiyo ya kufuta ilikuwa inakula muda kuliko kusukuma kwenyewe, na mimi nilikuwa naichukia. Nilimwona mzee wa watu ana wasiwasi wa bure.

Siku hiyo Fundi aliletewa habari kwamba dada yake amefariki Pangani. Akaondoka asubuhi ile ile kwenda kuzika, mimi akaniachia maganda sitini. Gari lilipopotea tu nikaenda jikoni, nikaomba mafuta ya nazi, nikayamimina kwenye beseni na maganda yote nikayatosa humo. Siwezi kukuficha, nilijiona mjanja kweli. Mkono wa mashine ulikuwa unashuka wenyewe. Niliimba. Adhuhuri haijaingia nimemaliza kazi ya siku mbili. Nikachukua kipande cha kanga nikafuta nje, maganda yakang'aa, nikayapanga kwenye trei. Ndani sikugusa. Nikaenda kuoga, nikalala.

Fundi alirudi siku ya tatu, macho mekundu. Nikampa mkono wa pole. Akasimama mbele ya trei, akaniuliza, "Umefuta ndani?"

Nikamjibu, "Nimefuta, Fundi."

Siku nyingine yoyote angekagua. Yule mzee alikuwa hakagui maganda mawili matatu, anakagua yote. Lakini siku ile alikuwa ametoka kumzika dada yake, amechoka, akachukua neno langu. Wewe umri wako huu unadhani hilo ni jambo dogo. Mimi mpaka leo nikilikumbuka natamani nijizabe kofi. Akatia fataki, akatia baruti, akatia risasi, akafunga boksi.

Wiki haikupita, wakaingia porini. Mwindaji akampiga mbogo, lakini risasi haikuwa na nguvu, ikamjeruhi tu, mnyama akazama kichakani. Mbogo aliyejeruhiwa haachwi. Seif akatangulia kufuata damu, mwindaji nyuma yake. Mbogo akatoka kwa ubavu, hatua chache tu. Mwindaji akavuta kifyatulio, bunduki ikasema tik. Akabadilisha risasi, tik. Walioshuhudia waliniambia Seif aligeuka nyuma kutazama kwa nini hakuna mlio, na hapo ndipo pembe ilipompata. Askari wa wanyamapori aliyekuwa nao ndiye aliyemuua mbogo kwa bunduki yake mwenyewe.

Waliporudi kambini, Seif alikuwa amelazwa nyuma ya gari, paja na goti vimefunguka. Aliniona, akaniita jina, akaniomba maji. Nilimpa maji, mwanangu, na nilikuwa najua.

Baada ya gari kuondoka kwenda hospitali, Fundi hakupanda. Alizikusanya zile risasi zilizokataa, akakaa mezani, akaniita nikae mbele yake. Akazifungua mbele ya macho yangu. Baruti haikumwagika. Ilidondoka bonge bonge kama unga ulioingia maji. Akaisogeza puani, akainusa, inanuka mafuta ya nazi, akainua macho akanitazama. Nilitamani anipige. Hakunipiga.

"Kujipunguzia kazi sina neno nako," alisema. "Hata mimi napaka mafuta. Lakini nilikuuliza, ukanijibu. Mwanangu ameingia porini na jibu lako. Kesho utakwenda kumwambia mwenyewe, mimi sikusemei."

Nilikwenda. Mguu walikuwa wameshaukata juu ya goti. Nilimweleza yote, beseni, mafuta ya nazi, kanga, na ule uongo. Seif akageukia ukutani. Hakusema nami tena miezi mingi, na haki yake.

Kisha siku moja akaja stoo kwa magongo. Hakunisalimu. Akavuta kigoda, akachukua kijiti na kitambaa, akaniambia, "Wewe sukuma." Tukafanya kazi hivyo miaka na miaka. Tulikula pamoja tena, tukaozeshana watoto, na kwenu hakuwahi kunitaja kwa ubaya. Nikaja kumuuliza, tukiwa watu wazima wenye mvi, "Seif, umenisamehe?" Hakuinua kichwa kwenye ganda lake. Akasema, "Nilishakusamehe zamani. Lakini kufuta nafuta mimi."

Alikufa anafuta yeye. Sikuwahi kukirudisha kile kitambaa mkononi mwangu alipokuwa hai, na sikuwahi kumwomba anirudishie.

Kwa hiyo usije ukasema babu amekataza wepesi. Tafuta wepesi, paka mafuta, safisha kalibu yako, usijiumize bega bure. Lakini wepesi una kazi yake ya nyuma, na hiyo nayo uifanye mpaka mwisho. Na ukiwa hujaifanya, ukiulizwa, sema "sijafuta". Ningesema hivyo siku ile, ningetukanwa nusu saa, basi, na babu yako angezeeka na miguu yake miwili. Anayekuuliza hana namna ya kuwa kila mahali ulipo. Anakwenda na neno lako.

Sijamaliza hasira na sitaki ziishe leo. Chukua hiyo trei yote, anza upya, mimi nakaa hapa hapa. Mungu akutie nuru, mwanangu, aubariki mkono wako, akuepushe na jibu kama nililolitoa mimi, na kila atakayeingia porini na kazi yako amrudishe kwao akitembea kwa miguu yake.