Gamba Jeusi la Mama Moshi

Mama Moshi nilimkuta kwenye tanuru la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Nikakaa pale siku nne, maana miguu yangu iligoma kuendelea na safari. Jina hilo alilipata kwa kuchoma mawe ya madini ya risasi, yale mazito yanayong'aa kama kioo. Ndani ya risasi hujificha fedha kidogo, lakini lazima salfa, yenye moshi unaowasha, itoke kwanza, la sivyo huinasa fedha. Huyachoma siku mbili, kisha hutia chembe kwenye beleshi la moto na kunusa. Pua ikiwasha, anayarudisha motoni. Kazi hiyo imemwachia macho mekundu, na hana pengine pa kula.

Siku yangu ya pili pale, alikuwa kaenda zahanati. Shemeji akachoka kungoja, akayayeyusha mawe yaliyochomwa siku moja tu. Juu ya risasi likaganda gamba jeusi, akalitupa jaani. Mama Moshi aliporudi akapewa risasi aichome kwenye sahani ya majivu ya mifupa, ambayo huinywa risasi na kuiacha fedha. Ikabaki punje kama ya mtama.

"Nyingine umeificha wapi?" shemeji akamfokea.

"Shemeji, usinianze."

"Vua kilemba! Kung'uta nguo! Mwizi hali kwangu."

Akakung'uta, yeye aliyemfulia huyo shemeji tangu hajaota ndevu. Wavuta mivukuto, waliokuwa wakipuliza moto, wakatazama chini. Nami pia, Mungu anisamehe.

"Haya, toka."

Hakutoka. Alikwenda jaani, akaliokota gamba, akalipasua. Ndani lilimetameta kama mawe ambayo hayajachomwa. Akatia kipande kwenye beleshi la moto, akamsogezea shemeji puani. Jamaa alikohoa mpaka machozi.

"Mwizi wako huyo. Mpekue."

Gamba likachomwa siku mbili kamili, likayeyushwa, risasi yake ikaingia sahanini. Mwishowe fedha ikang'aa ghafla, nene kama harage. Ilipopoa shemeji akamnyooshea.

"Shika basi, yaishe."

"Niiguse halafu univue kilemba tena?"

"Si nimekosea," akanong'ona.

"Matusi uliyatoa kwa kelele."

"Hakuiba!" shemeji akawapazia sauti wavuta mivukuto. "Mmesikia?"

"Na mawe kayaharibu nani?"

Wavuta mivukuto waliacha kuvuta, wasije wakakosa neno.

"Mimi," shemeji akasema, akimtazama kama anayetaka kummeza.

Mama Moshi akawageukia wale wengine. "Na nyie mnangoja nini? Vuteni, tanuru linapoa."