Mjomba, Choo cha Mwalimu na Tupa Yangu

Darasani kwetu tukiambiwa tuandike tunachopenda kufanya wakati wa mapumziko, wenzangu wanaandika kusoma hadithi na kuogelea. Kuogelea wapi, huku Ikolomani, mimi sijui. Mimi niliandika: kunoa cheni za pawaso. Mwalimu akazungushia maneno hayo wino mwekundu, akauliza pembeni kama ninamtania. Kwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza, sikuwa ninamtania.

Pawaso ni ule msumeno wa injini wa kukatia miti. Cheni yake ina meno ya kushoto na meno ya kulia, yanafuatana moja huku moja kule. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye alinifundisha kuinoa nikiwa darasa la sita. Unashika tupa ya mviringo, unasukuma mara tatu kwa kila jino, unamaliza upande mmoja, unageuza msumeno, unamaliza wa pili. Mara tatu. Si mbili, si nne.

"Hata nyumba ikiungua," aliniambia, "maliza hesabu kwanza."

Tangu siku hiyo yeye hakunoa tena. Alisema macho yangu ni mapya na yake yamekaa sana kwa vumbi la mbao. Ningekuwa mtu wa heshima, ningeona hilo ni jambo kubwa. Lakini unajua vile mtu huzoea.

Jumamosi, uwanja wa kwetu ni gereji isiyo na kibali. Baba ni dereva wa lori la magogo, na kwa sababu sisi tuna mahali tambarare pa kuegesha, madereva wenzake watatu wanne huleta malori yao wikendi wakajishughulisha nayo. Si kwamba yameharibika. Wanapenda tu kufungua vitu. Mmoja hubadilisha honi kila baada ya mwezi, akitafuta sauti ambayo hata yeye hajui ni gani. Mwingine, mzee mwenye mvi, alichukua mota ya waipa akaitengenezea feni ya kumpoza akiendesha. Inazunguka pole pole mpaka nzi wanaipanda kama bembea. Ukimwambia hivyo anakasirika, kwa hivyo mimi humwambia kila Jumamosi.

Basi mimi nakaa juu ya gogo na tupa yangu, pawaso ya mjomba imebanwa kati ya magoti, nanoa huku nikipiga domo. Hapo ndipo makosa yalipoanzia, ingawa ilinichukua muda kujua.

Muhula uliopita mjomba aliitwa kukata mkaratusi kwa mwalimu mmoja mstaafu, upande wa Malinya. Nilikuwepo. Alichonga mdomo, ule mkato wa kuuonyesha mti njia ya kuangukia, upande wa shamba, mahindi yalikuwa yameshavunwa, pako wazi kabisa. Akazunguka nyuma, akaingiza msumeno. Mti ulianza vizuri. Halafu katikati ukageuka kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani, ukaenda kulala juu ya choo cha shimo.

Choo kilikuwa kitupu, Mungu asifiwe. Mwalimu alikuwa ndani dakika chache kabla, akatoka kwa sababu simu yake ilikosa mtandao.

Mjomba alimjengea kingine, mabati mapya na mlango wenye komeo. Ingeishia hapo kama mimi ningekuwa bubu. Lakini Jumamosi iliyofuata nilipanda juu ya gogo, nikashika tupa kama kipaza sauti, nikatangaza vile watu hutangaza fahali wakipigana uwanjani Malinya.

"Fahali wa mjomba ametoka. Anaangalia shamba la mahindi. Hapana, amebadilisha nia. Amenusa kitu. Wananchi, sogeeni, anaelekea chooni."

Madereva walicheka mpaka mwenye honi akaketi chini. Baba alificha uso kwenye injini, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Mjomba mwenyewe alicheka. Nikatangaza tena wiki iliyofuata, nikaongeza sehemu ya mwalimu na simu. Sasa shida ya kutangazia madereva ni kwamba wao ni watu wa barabara. Ndani ya wiki mbili utani wangu ulikuwa umefika Sigalagala na kurudi. Lori likimpita mjomba, utasikia kichwa kimetolewa dirishani:

"Fundi, kwangu choo kimejaa. Utakujanga lini?"

Halafu watu wakaacha kumwita. Hawakusema kitu, waliacha tu. Mti ukizeeka karibu na nyumba ya mtu, anaitwa kijana mmoja wa Sigalagala mwenye kofia ngumu ya rangi ya chungwa. Siku moja mjomba alikuja kwetu mchana, mama akampakulia, naye akala kama mtu anayefanya mtihani wa hesabu.

"Nimepata mtu wa kununua pawaso," akamwambia mama. "Atanipigia wiki hii. Nitaenda Mayoni nikakate miwa."

"Kwa nini uuze?"

"Mkono wangu umenihama, dada. Ile siku kwa mwalimu nilisikia msumeno unavuta, sikuweza kuurudisha. Mtu akifika hapo anaacha kabla hajaua mtu. Miwa ikiangukia mtu haimfanyi kitu."

Nilikuwa na utani tayari kuhusu miwa. Niliumeza pamoja na obusuma, ugali wetu.

Ujue, mjomba ni mtu anayeweza kuuzunguka mti mara moja akakuonyesha kwa kidole mahali ambapo tawi la juu kabisa litagusa ardhi. Nimemwona akichomeka kijiti ardhini kama utani, halafu mti ukaja ukakigongomea chini kama msumari. Mkono wake alikuwa anauamini kuliko anavyomwamini mtu yeyote, na sasa alikuwa anauangalia pale mezani kama wa jirani.

Aliniachia pawaso niinoe mara ya mwisho, ili mnunuzi aikute inang'aa.

Wakati huo nilikuwa natengeneza gari la mbao la kuteremkia kilima, la mimi na binamu zangu, na nilikosa magurudumu. Nikaona kabla sijanoa, wacha nikate magurudumu manne kwenye gogo lililokuwa limelala pale uwanjani. Gogo lilikuwa nene kama pipa la mafuta. Baba alisimama karibu, maana hilo ndilo sharti lake nikiwasha kitu chochote chenye injini.

Gurudumu la kwanza lilitoka limekaa vibaya. Juu nene, chini jembamba, kama kipande cha mkate kilichokatwa na mtu mwenye haraka. La pili hivyo hivyo. La tatu nilishika kwa nguvu zote, nikanyoosha mgongo, nikauma ulimi. Nalo lilipinda, kwa upande ule ule.

"Unavuta kushoto," baba akasema.

"Sivuti. Yenyewe inavuta."

Neno hilo lilipotoka mdomoni nililisikia mara mbili: mara moja kwa sauti yangu, mara ya pili kwa sauti ya mjomba akiwa mezani.

Nilizima. Nikaketi na cheni nikaitazama jino kwa jino. Meno ya kulia yalikuwa yameliwa mpaka yamebaki vijipande. Ya kushoto yalikuwa marefu, mazima, kama ya mtoto asiyejua peremende. Na nilijua kwa nini. Upande wa kulia ndio naufanya kwanza, nikiwa bado napiga domo na madereva. Tupa inaenda na domo, mara nne, mara tano, nani anahesabu. Nikigeuza msumeno nakuwa nimechoka, napitisha mara mbili nasema imetosha. Mwaka mzima hivyo. Cheni ya namna hiyo kwenye fito haina neno. Kwenye mti mnene inajikunja ndani polepole, inavutwa upande wa meno marefu, na mkataji nyuma yake hawezi kuirudisha hata awe nani.

Choo cha mwalimu nilikiangusha mimi. Halafu nikakipandia gogo kukitangaza.

Nilichofanya kwanza, na nitasema ukweli, ni kunyamaza. Nilinoa ile cheni jioni mbili, mpaka meno yote yakalingana. Nikakata magurudumu manne mapya, yakatoka sawa kama sahani. Nikajiambia kazi imekwisha, pawaso imepona, nani ana haja ya kujua. Lakini pawaso ndiyo ilipona. Mkono wa mjomba ulikuwa bado mgonjwa, na dawa yake ilikuwa kwangu tu.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mti wa kukatwa kwa kukhu, yaani nyanya yangu, mama yake mjomba. Ni mkaratusi mkubwa uliokuwa umeanza kuegemea jikoni kwake. Na kukhu, mama mzazi, alikuwa amemwita yule kijana wa kofia. Mjomba alikuja kushika kamba tu.

Tulifika na malori mawili. Baba hakushuka. Huku kwetu mwanaume hamkaribii mama mkwe wake ovyo, kwa hivyo aliegesha nje ya ua na kumsalimia kukhu kwa kupitia kwangu. Kukhu naye akamjibu kwa kupitia kwangu, na wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Nilimkuta akitoa vitu jikoni. Sufuria nje, kuku ndani ya tenga.

"Kukhu, unahama?"

"Mtoto wangu nampenda," akasema, "na jiko langu nalipenda. Leo nimechagua jiko."

Mjomba alisikia. Alikuwa ameketi juu ya kisiki, mikono katikati ya magoti, akitazama kamba.

Nikaenda kwenye lori nikaleta gunia. Nikamwaga magurudumu saba mbele yake, matatu mabaya na manne mazuri. Madereva wakasogea wakidhani naanza kutangaza.

"Khotsa," nikamwambia, kwa lugha ya nyumbani, maana neno mjomba la Kiswahili nilikuwa nimeshalitumia kwa utani mno. "Haya mabaya nimekata na pawaso yako kabla sijainoa. Haya mengine baada ya kuinoa vizuri. Mkono ni huu huu wangu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikinoa upande mmoja zaidi. Siku ya mwalimu pia."

Nilitegemea kelele. Badala yake yule mzee wa feni akauliza polepole, kama mtu wa polisi:

"Ngoja kidogo. Ni wewe ulitutangazia?"

"Ni mimi."

"Na ni wewe uliangusha choo?"

"Mimi na tupa."

Hapo walicheka. Walinicheka kiasi kwamba kijana wa kofia alilazimika kuivua. Mwenye honi alitaka kujua kama shuleni kwetu kuna vyoo na kama walimu wanajua ninapita karibu navyo. Mzee wa feni alisema kuanzia leo nisiguse hata kijiko chake. Nilistahili yote, na mengine yalikuwa mazuri kuliko yangu, jambo lililoniuma zaidi.

Mjomba hakucheka. Alichukua gurudumu baya, akalipima kwa vidole, juu halafu chini. Akachukua lingine. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kazi hiyo inavyohitaji.

"Ulikuwa unahesabu?" akaniuliza.

"Nilikuwa naongea."

Akatikisa kichwa. Akainuka, akatoa kwenye lori pawaso yake tuliyokuja nayo, akaiwasha, akakata kipande kwenye gogo lililokuwa karibu. Akakiweka kwenye jiwe bapa na kukizungusha. Akakitazama. Kisha akaikunja na kuikunjua ile mikono yake, taratibu, kama mtu anayejaribu glavu alizorudishiwa.

"Kijana," akamwambia yule wa kofia, "niachie huu."

"Ni mti wa mama yako, mzee," kijana akasema. "Mimi ni mgeni hapa."

Wote tukamgeukia kukhu. Aliinama akachukua sufuria ya maharagwe, akairudisha jikoni juu ya moto, akatoka akaja kuketi mbali na sisi, kivulini kwa ghala.

"Maharagwe yangu yanataka saa moja," akasema. "Msinicheleweshe."

Mjomba alizunguka mti mara moja. Kijana wa kofia alipanda na kufunga kamba juu, ncha nyingine tukaifunga kwenye lori la baba, kwa sababu mti unaoegemea huwezi kuuachia ufikirie wenyewe. Mjomba akachonga mdomo upande wa barabara. Akazunguka nyuma. Nilikuwa mbali, nilikoamriwa kusimama, lakini niliona vumbi la mbao likitoka moja kwa moja, halipindi, na niliona mabega yake yakishuka. Akagonga kabari. Akainua mkono, mimi nikampungia baba, lori likavuta polepole kamba ikalia.

Mti ulisimama kidogo, ukakubali, ukaenda. Ulilala pale pale pa wazi, mrefu wote, na jikoni pakabaki moshi wa maharagwe ukitoka kwa paa kama kawaida.

Kukhu akanituma nimwambie mkwe wake amefanya vizuri. Baba akanituma nimwambie mama mkwe asante. Kijana wa kofia alikuwa ameshapiga magoti kwenye kisiki, anauliza mjomba aliacha bawaba, ule ukanda usiokatwa, ya unene gani, na mjomba anamwonyesha kwa kidole gumba, akisema maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima.

Simu ya mjomba ikalia mfukoni wakati amesharudi kwenye matawi na pawaso inanguruma. Akazima pawaso, akaangalia mikono yake iliyojaa vumbi na mafuta, akasogeza kiuno upande wangu niichukue simu.

Alikuwa yule mnunuzi. Aliuliza kama anaweza kuja kuichukua leo.

Nilimtazama mjomba, nikamwonyesha pawaso kwa kidole. Alikuwa ameshawasha tena, ananitikisia kichwa, hapana.

"Haiuzwi," nikamwambia mtu wa simu. Akataka kuongea na mwenyewe.

"Mwenyewe yuko kazini," nikasema.